Mpangaji wa Kihambani

Barazani kwetu Ngamiani, Tanga, muuza kahawa alipita kila jioni baada ya sala ya magharibi. Mkono mmoja ulishika mdila wa shaba, wa pili ulichezea vikombe viwili, akivigonganisha kwa mlio ambao mtoto wa mtaa ule angeutambua hata usingizini. Wakubwa walikunywa, sisi tulipewa kashata ili tunyamaze. Nikakua, nikawa mnywaji, nikaota mvi, na siku moja nikagundua aibu yangu: mbuni sijapata kuuona. Nasema mti, si ndege. Ndege nimemwona.

Aliyenitoa kwenye aibu hiyo ni Mangi. Hilo si jina lake, ni jina ambalo sisi watu wa Pwani tunampa kila Mchaga mwenye duka la rejareja, ingawa huko kwao maana yake ni chifu. Kwao ni Uru, juu ya mji wa Moshi, na mama yake mjane bado yuko huko na mibuni yake. "Nenda sasa, wanachuma," aliniambia Septemba 2024 huku akinipimia sukari. "Mama atakupokea vizuri. Ila nina ombi, mzee wangu. Ukishazoeana naye, mwambie aing'oe ile mibuni apande parachichi. Mimi nikisema, hasikii. Labda mgeni atamsikia."

Nikapanda basi la asubuhi na kilo mbili za kashata za nazi, mzizi mnene wa tangawizi, na ujumbe ambao sikuupenda.

Njia ya Tanga kwenda Moshi wengi mnaijua: mkonge hadi uchoke, Korogwe, chakula cha haraka Mombo, kisha milima ya Usambara na ya Upare inakusindikiza upande wa kulia kwa saa nyingi wakati upande wa kushoto ni nyika na vumbi. Kilimanjaro nilikuja kuiangalia, sikuiona. Ilikuwa imejifunika mawingu, na ilibaki hivyo siku tatu. Pale stendi ya Moshi nikaingizwa kwenye Noah ya kwenda Uru, kiti cha watu watatu tukakaa wanne pamoja na beseni la nyanya, tukaanza kupanda. Dakika kumi tu, mahindi yaliyokauka yakaisha, migomba ikaanza. Dakika kumi nyingine, nikafunga kifungo cha shati cha juu kabisa. Mtu wa Tanga anaweza kuishi miaka yake yote asijue kwamba kifungo kile kina kazi.

"Karibu, baba," alinipokea mama mwenyeji wangu getini, ambako geti lenyewe ni nafasi kati ya mimea miwili ya isale. Nikampa shikamoo yake. Ana miaka sabini na kidogo, mfupi, mwenye viganja vipana, na kanga aliyojifunga kiunoni ilikuwa na madoa ya kahawia ambayo niliyadhani uchafu. Baadaye nilijua ni utomvu wa ndizi, hautoki hata kwa dua.

Nilikuwa nimejiandaa kuona shamba la kahawa: mistari, mti na mti, kama mkonge wetu. Nikatafuta mistari nisiione. Kihamba chake hakifiki ekari mbili, na kila kitu kimo humo: nyumba, banda la ng'ombe wawili wasiotoka nje, kaburi la mumewe lililosakafiwa kwa saruji, magimbi, viazi vikuu vinavyopanda juu ya miti, mringaringa na mruka iliyotanua matawi juu kama paa, na chini yake migomba, migomba, migomba. "Kahawa iko wapi, Mama?" Akacheka. "Umeiegemea." Nilikuwa nimeweka mkono juu ya tawi lenye majani ya kung'aa, yaliyonyooka mawili mawili, na chini ya majani punje nyekundu na za kijani zimebanana kama shanga kwenye uzi.

Hicho ndicho kihamba, kilimo cha ghorofa. Juu miti mikubwa ya kivuli, kuni na mbao, kisha migomba, kisha mibuni, kisha mazao ya ardhini. Ng'ombe anakula majani ya migomba na nyasi zilizobebwa kichwani kutoka tambarare, samadi inarudi shinani. FAO iliutambua mfumo huu kuwa urithi wa kilimo wa dunia mwaka 2011, na eneo lililochaguliwa kuuwakilisha ni Shimbwe Juu, hapo hapo Uru. Mama hakuwa na habari hiyo, na nilipompa hakuonekana kuihitaji.

Kesho yake nikavikwa kikapu. Kuchuma kahawa ni kazi ninayoweza kuieleza kwa sentensi moja na kuifanya vibaya kwa wiki nzima: unachuma nyekundu, unaacha kijani. Tatizo ni kwamba zimo kwenye kikonyo kimoja, na kahawa haiivi kwa pamoja. Tangu ua jeupe lenye harufu kama ya asumini hadi tunda jekundu ni miezi minane au tisa, na maua hayakuchanua siku moja. Kwa hiyo mti mmoja unarudiwa kila baada ya wiki mbili hivi, tangu Julai mpaka karibu na Krismasi. Nilijaribu kwenda kwa kasi ya mwenyeji wangu. Alikuja akachungulia kikapu changu, akatoa punje saba za kijani, akazipanga kwenye kiganja changu moja moja bila kusema neno. Tangu hapo nilichuma polepole.

Mti wenyewe nao una maadui. Alinionesha tawi ambalo punje zake zilikuwa nyeusi, zimesinyaa kabla ya kuiva. "Chulebuni," alisema, kama mtu anayemtaja jirani mgomvi. Majani yenye vumbi la rangi ya chungwa mgongoni ni kutu ya majani. Tundu dogo kwenye tunda ni ruhuka, na shina lililotobolewa na kumwaga unga ni bungua, ambaye dawa yake anayoiamini yeye ni waya mwembamba wa kumchoma ndani ya shimo lake. Kwa chulebuni na kutu unapiga dawa ya shaba, mara kadhaa kila msimu. Mwaka ambao hela ya dawa haikupatikana, unavuna nyeusi.

Nilidhani kuchuma ndiyo kazi. Kazi inaanza jioni.

Kahawa haitakiwi kulala na ganda lake jekundu, ikilala inachacha. Kwa hiyo mliyochuma leo mnaimenya leo, hata kama migongo imeisha. Kwanza punje zinatumbukizwa kwenye ndoo ya maji, zinazoelea zinaopolewa: ni tupu, au zimeliwa ndani. Zilizozama zinaingia kwenye mashine. Mashine ya mama huyu ni ya mkono, ya chuma, ina ngoma yenye vinundu inayozungushwa na mpini mrefu. Unamwaga kahawa na maji juu, maganda yanatokea upande mmoja, na upande wa pili zinadondoka mbegu mbili mbili, nyeupe, zenye utelezi kama kambare. Mumewe aliinunua mwaka 1977 kwa mkupuo mmoja na redio. Mwaka ule wa bei kubwa ya kahawa watu wa mlimani wanausimulia kama sisi tunavyosimulia karafuu, na mama alikuja kujua baada ya miaka mingi kwamba neema ile ililetwa na msiba wa wengine: baridi kali iliyochoma mibuni ya Brazili Julai 1975.

Jioni ya pili nikapewa mpini. Nikaona unazunguka kwa ulegevu, na kwa ujuaji wa mtu aliyewahi kutengeneza baiskeli nikakaza boliti mbili za pembeni. Ukawa mgumu, nikaridhika. Dakika tano baadaye mama aliinua taa, akachota mbegu, akazigeuza. Nyingi zilikuwa na jeraha, nyingine zimekatika kabisa. "Umezikata, baba," alisema taratibu. "Iliyokatwa inaingiwa na maji, inaoza, na ikioza moja inanukisha wenzake." Akalegeza boliti, akavuta kigoda, akaanza kuzitoa zile zilizokatwa, moja baada ya moja, kutoka kwenye ndoo nzima. Tulimaliza saa nne usiku. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililonifanya nisilale mapema.

Mbegu zilizomenywa zinavundikwa. Anazimwaga kwenye pipa la plastiki, anafunika kwa majani ya mgomba na gunia, anaziacha utelezi ule uyeyuke wenyewe. Muda gani? Vitabu vinasema siku moja hadi tatu, kutegemea baridi. Yeye hatazami saa. Alfajiri ya siku ya pili aliamka, nikamfuata na sweta lake la ziada mabegani, akaingiza mkono kwenye pipa, akachota, akakaza ngumi mbele ya sikio langu. Kimya. "Bado." Jioni akarudia: kimya. Alfajiri iliyofuata akakaza tena, na safari hii nikasikia mbegu zikikwaruzana kama changarawe ndani ya ngumi. "Sasa." Ukizitoa mapema, utelezi unabaki na kahawa haikauki vizuri. Ukichelewa, zinachukua uchungu wa siki. Bei ya gunia zima, na jina la kahawa ya Kilimanjaro huko inakokwenda, vinaning'inia kwenye ngumi ya mwanamke mmoja aliyeamka saa kumi na moja, na hakuna anayemlipa kwa kuamka.

Kisha maji. Hapa lazima nisimame, maana nilichokiona sikukitegemea. Nyuma ya kihamba unapita mfongo, mfereji wa kuchimbwa kwa mkono unaoteka maji ya mto kule juu msituni na kuyatembeza ubavuni mwa mlima, ukipindapinda kwa mteremko mdogo kiasi kwamba ukisimama sehemu fulani unaapa maji yanapanda. Wachaga wameichimba mifereji hii karne nyingi kabla ya Mzungu kufika, na kila mfongo una wenyewe, zamu zake, na nduwa, yaani bwawa dogo la kujaza maji usiku ili yagawanywe mchana. Zamu ya mama ni asubuhi mbili kwa wiki. Siku ya zamu kahawa inaoshwa maji matatu, inakorogwa kwa ubao mpaka isikike kavu, na maji yenye utelezi humwagwa shinani mwa migomba, hayarudishwi mferejini. Aliyerudisha zamani alitozwa dume la mbuzi.

Wageni hudhani maji hayo ni theluji ya kilele cha Kibo inayoyeyuka, na mimi nilidhani hivyo. Barafu ya juu imepungua kwa zaidi ya asilimia 85 tangu 1912, lakini mito ya mlima huu inakunywa zaidi mvua na ukungu unaokamatwa na msitu kuliko barafu. Ukiukata msitu ndipo mfongo unapokauka. Mama alilieleza jambo hilo kwa mkato: "Mti ndio unaokojoa."

Siku tatu za kwanza nilimwita jirani wa upande wa juu "Babu", mpaka akanisahihisha. "Meku," alisema, ndilo neno lao la kumwita mzee. Alikuwa anakaribia miaka tisini, alikuja kila jioni na kibuyu cha mbege, akakaa jikoni karibu na moto kuhakikisha kwamba mgeni wa Pwani hajaganda. Mbege nilinusa tu. Nayo ni ndizi na ulezi, na kwa harufu yake sina ubaya nayo.

Meku ndiye aliyenipa historia, na aliisimulia kama kesi ambayo haijafungwa. Mibuni ya kwanza ililetwa na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, Kilema, mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya vita vya kwanza vya dunia alikuja mkuu wa wilaya Mwingereza, Charles Dundas, akawahimiza Wachaga wapande. Walowezi waling'aka. Walisema mashamba ya Waafrika yataleta magonjwa na wizi wa kahawa. "Uongo," alisema Meku. "Waliogopa kwamba Mchaga mwenye kahawa yake hataenda kuchuma ya Mzungu." Ng'ambo ya mpaka, Kenya, hofu hiyo ilishinda: Mwafrika alizuiwa kulima arabika hadi miaka ya 1930, na sehemu nyingi hadi miaka ya 1950. Huku Moshi wakulima walijipanga mapema. Mwaka 1925 wakaunda chama chao, KNPA, chini ya Joseph Merinyo, na baba yake Meku alikuwa mwanachama. Mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika, na serikali ikataka kahawa yote ipitie humo. Si wote waliofurahi: mwaka 1937 zilizuka ghasia, watu wakaenda kuvunja majengo ya vyama wakisema kahawa ni yao na mnunuzi wamchague wao.

"Halafu mkaizoea KNCU," nikasema.

"Tukaipenda. Ilijenga shule. Halafu mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vyote vikuu, ikavirudisha miaka ya 1980 vikiwa vimepoteza meno. Halafu 1989 dunia ikaacha kupangiana mgao wa kahawa, bei ikaporomoka." Akanywa. "Baba yangu aliezeka bati kwa kahawa. Mimi nilisoma kwa kahawa. Wanangu wamesoma kwa maziwa. Wajukuu wanasoma kwa M-Pesa."

Mama alikuwa anamenya ndizi za mtori, hakuinua kichwa. "Na hiyo kahawa iliyokusomesha," alisema, "nani aliichuma?"

Meku alinyamaza, kisha akacheka mpaka akakohoa. Ndivyo ilivyokuwa: ndizi na maziwa vya mama, kahawa ya baba. Mwanamke alichuma, alimenya, aliosha, alianika, na siku ya hela jina kwenye daftari la chama lilikuwa la mume. Mwenyeji wangu aliandikwa uanachama alipofiwa. Amekuwa mkulima wa kahawa kwa miaka zaidi ya hamsini na mwanachama kwa kumi na moja.

Siku ya sita tulikuwa kwenye vichanja, ambavyo ni meza ndefu za miti zilizotandikwa wavu wa waya, mbegu zimetandazwa juu yake kwa wembamba. Kahawa inakaa hapo siku kumi hadi kumi na nne. Inageuzwa kila mara, inafunikwa jua likiwa kali sana mchana ili ganda lisipasuke, inafunikwa usiku, inafunikwa ukiona wingu. Unapogeuza unachambua: iliyokatwa, iliyo nyeusi, iliyobaki na ganda jekundu. Ni kazi ya vidole inayouachia mdomo nafasi, nikaona huu ndio wakati wa ujumbe wangu. Nikaanza kwa mbali. Nikasema Tanga siku hizi parachichi zinatafutwa sana, za Hass hasa, zinakwenda nje.

"Amekutuma," alisema.

Sikubisha.

"Mwambie hivi." Aliendelea kuchambua. "Parachichi likiiva halingoji. Mnunuzi anakuja na gari lake, anasimama hapo kwenye isale, anataja bei, na anajua kwamba nisipouza leo nitalisha ng'ombe kesho. Kahawa nikishaikausha naiweka kwenye gunia, inaningoja. Nauza nikiwa na shida au nikiwa na bei." Akatupa mbegu nyeusi chini, kuku akaifuata, akaiacha. "La pili. Mparachichi ukishakua unataka nyumba nzima. Unataka jua lote, unataka niukatie migomba. Huyu kahawa ni mpangaji. Alikuja amekuta nyumba ina watu, akapewa chumba cha uani, kivulini, akakaa. Miaka mia anapisha wenzake."

"Na mwenye nyumba ni nani, Mama?"

Akanitazama kama nimeuliza jua hutokea wapi. "Si mgomba?"

Nikamwambia mwanawe anasema mpangaji huyu halipi kodi. Hapo hakubisha. Mibuni mingi ni ya zamani, ya wakati wa mkwewe, inazaa mwaka huu na kupumzika ujao, na dawa inakula nusu ya hela. "Halipi kama zamani," alisema. "Lakini nikimfukuza nimweke nani? Yule mwenye fujo?"

Nimesoma maandishi mengi ya wataalamu kuhusu kwa nini kahawa ya Kilimanjaro imepungua: bei, mashamba yaliyogawanywa kwa wana mpaka yakabaki vipande, vijana walioshuka mjini, miti mizee. Yote ni kweli. Sikuwahi kusoma sababu ya kwa nini haijaisha. Nadhani nilielezwa pale kichanjani.

Jioni hiyo nikataka kulipa fadhila kwa kupika kahawa ya kwetu. Mama alitoa bakuli la mbegu alizozikoboa kwa kinu, nikazikaanga kwenye kikaango juu ya kuni mpaka zikawa nyeusi na moshi ukajaa jiko zima, nikatwanga, nikachemsha na tangawizi iliyopondwa, nikamimina kwenye vikombe vidogo na kashata pembeni. Meku akanywa, akasema ni nzuri, akaomba mbege yake. Mama alionja, akaiacha mdomoni kidogo, akameza.

"Mmeiunguza," alisema. "Ndiyo maana mnatia tangawizi, msijue mnakunywa nini."

Asubuhi akapika ya kwake: imekaangwa hadi rangi ya hudhurungi tu, nyepesi, bila tangawizi wala sukari. Ilikuwa na uchachu kidogo, kama wa ndimu inayoiva, na nyuma yake utamu ambao nusu karne ya baraza haikuwahi kunionjesha. Nakiri hili kwa wenzangu wa Ngamiani, nikijua nitakavyopokewa.

Siku yangu ya mwisho tulipeleka magunia mawili kwenye chama cha msingi cha kijiji kwa bodaboda mbili. Hapo inaitwa kahawa ya maganda, kwa sababu bado ina ganda lake jembamba la ndani kama karatasi. Karani alichota kiganja, akanusa, akaingiza kwenye kipima unyevu. Kinachotakiwa ni asilimia 11 hadi 12. Ya mama ikakubaliwa. Ikapimwa, akaandikiwa stakabadhi, akaambiwa malipo ya awali yatapita benki na malipo ya pili baada ya mnada. Yote yalichukua dakika kumi na tano, kwa kazi niliyoiona ikila usiku na mchana. Alikunja karatasi ile mara nne akaifunga pembeni ya kanga.

Kutoka hapo kahawa inashuka Moshi kukobolewa kiwandani na kutengwa kwa ukubwa wa punje: AA ndiyo kubwa, kisha A, B na kuendelea, na PB ambayo ni ile punje ya mviringo iliyokaa peke yake ndani ya tunda badala ya mbili. Kisha sampuli zinaonjwa, na mnada unafanyika chini ya Bodi ya Kahawa. Mimi nilishuka nayo, nikapita mgahawa wa Union Café wa KNCU mjini kusubiri basi. Meza ya jirani walikaa vijana wa Kizungu waliorudi kutoka maporomoko ya Materuni, ambako walikuwa wametwanga kahawa kwenye kinu huku wakiimba. Walikuwa na furaha. Mmoja alinionesha picha yake akichuma. Kikapuni mwake niliona kijani nyingi, nikanyamaza.

"Umemwambia?" Mangi aliniuliza kabla sijaketi.

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

Nikamweleza habari ya mpangaji. Alisikiliza mpaka mwisho, akahudumia mteja wa sabuni, akarudi. "Huyo ni mama," alisema.

Februari 2025 redio ya dukani ilitangaza kwamba arabika imepita dola 4 kwa ratili kwenye soko la New York, bei ambayo haijawahi kufikiwa, sababu kubwa ikiwa ni ukame wa Brazili. Mangi alimpigia mama yake palepale. Kahawa yake ilikuwa imeshauzwa mnadani tangu Novemba, na malipo ya pili yalikuwa hayajatoka. Alichouliza mama ni kama mvua imenyesha Tanga.

Aprili, masika yalipoanza, nikapewa simu nizungumze naye. Alikuwa amepata miche chotara hamsini, ile inayotokana na utafiti wa Lyamungo ambayo haisumbuliwi na chulebuni wala kutu, na kwa hiyo haihitaji ile dawa ya shaba. Amekwisha kuipanda. Mibuni mizee kumi na miwili ameing'oa mwenyewe kuipa nafasi. Mparachichi amepanda mmoja, nyuma ya banda la ng'ombe.